Mkono Uliomtangulia Tata

Jumapili, Novemba 2006. Machakos mjini.

Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile ya rasharasha isiyo na haraka, na vilima vya Iveti havionekani kwa wingu. Watu wa mashamba wanafurahi. Mimi nimekaa hapa saiba, kwenye kompyuta za kukodi, viatu vimelowa, na nimechoka uchovu ambao sijawahi kuuandika.

Si uchovu wa kazi. Wa kazi naujua, unaisha ukilala.

Wiki nzima sijaandika kitu. Nyinyi wachache mnaopita kwenye blogu hii kusoma mambo yangu ya shule na ya sukumawiki ninayopanda kwenye magunia, mniwie radhi. Baba yangu yuko hospitalini. Nyumbani tunamwita Tata, kama Wakamba wengi wanavyowaita baba zao, na kila nikijaribu kumwandika "baba" naona kama namsimulia mtu mwingine.

Tata alikuwa mkata mawe kule Lukenya miaka yote ya utoto wetu. Nyumba nyingi za mji huu zimesimama juu ya mawe yaliyopita mikononi mwake. Siku hizi anakaa Kalama, kwenye shamba letu, pamoja na ndugu yangu wa mwisho, Mutiso, ambaye hajaoa na ambaye ndiye anayemwangalia. Mbuzi, mahindi, mbaazi. Maisha ya kawaida.

Wikendi iliyopita alikwenda kuwatolea mbuzi mabua kwenye lile rundo la msimu uliopita. Mabua yalikuwa yameloa, na chini yake alikuwa amejilaza kifutu, yule nyoka mnene, mvivu, mwenye rangi ya majani makavu, asiyejisumbua kukimbia hata akisikia mtu. Tata akaingiza mkono wa kulia. Akaumwa hapo katikati ya dole gumba na kidole cha pili.

Mutiso alisikia ukelele akaja mbio. Akafanya kile ambacho sote tuliambiwa tangu utotoni kwamba ndicho cha kufanya. Alitoa blada kwenye baiskeli, ule mpira wa tyubu wa kufungia mizigo, akaufunga chini ya kiwiko cha Tata. Akauvuta kwa nguvu zake zote ili sumu isipande moyoni. Halafu akaenda kutafuta gari.

Gari lilipatikana, pikapu ya jirani. Lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara, na kijito kilikuwa kimejaa, ikabidi wangoje maji yapungue. Walipofika hospitali jua lilikuwa limeshapita upande wa pili, na blada ilikuwa bado palepale.

Nilikuwa mlangoni wakati sista anaikata. Chini ya alama ya blada mkono ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa. Vidole vilikuwa na rangi ya ini. Sista alibonyeza ukucha, akangoja damu irudi chini ya ukucha. Haikurudi. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na nilijua alichokuwa anatafuta, na nilijua hakukipata.

Kuna maarifa ambayo mtu angependa ayaache shuleni.

Wakampa dawa ya sumu ya nyoka, wakamwekea dripu, na uhai wake ukashika. Siku ya pili alikuwa anaongea, anaulizia mbuzi. Ila mkono ulibaki nyuma. Kila jioni nilipotoka shuleni nikaenda wodini, niliukuta umekwenda mbele kidogo katika ile safari yake: malengelenge, kisha madoa, kisha weusi uliopanda polepole kutoka vidoleni hadi karibu na kifundo. Na harufu. Sitaandika juu ya harufu.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nawafundisha kidato cha kwanza habari za seli. Nilisimama mbele ya wasichana wale nikachora duara ubaoni, nikaandika jina la utando, kiini, na vile vijumba vinavyotengeneza nguvu. Nikaanza kueleza kwamba utando ndio unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Katikati ya sentensi nikaweka chaki chini. Nikawaambia wanakili mchoro, nikageukia dirisha. Walinakili kimya. Nadhani walijua.

Alhamisi daktari wa upasuaji aliniita kando. Ni mama mmoja mwenye sauti ya chini, anayekuangalia machoni.

"Mwalimu, mzee amekataa tumkate," akasema. "Anasema mkono umelala tu, utaamka. Ongea naye wewe. Usingoje sana. Ile nyama ikianza kuoza zaidi, uchafu wake utaingia kwenye damu, na figo zake hazitaweza."

Nikamuuliza kitu kimoja tu. Nikamuuliza kama ni sumu au ni blada.

Akavuta pumzi. "Sumu ingemharibia sehemu ya mkono, labda vidole viwili. Mkono wote kufa hivi... ule mpira ulikaa sana. Na ulifunga sumu mahali pamoja. Lakini wanaofungwa hivyo ni wengi, usimlaumu mtu."

Simlaumu mtu. Lakini nilitoka pale nikiwa nimebeba kitu ambacho sikutaka kukibeba, na Mutiso alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, akaniuliza, "Daktari amesema aje?" Nikamwambia, "Amesema niongee na Tata." Tukaachia hapo.

Ijumaa, saa za kuona wagonjwa, nikaketi kwenye kitanda cha Tata. Mutiso alisimama upande wa miguuni, ameshika chuma cha kitanda. Tata alikuwa ameuweka ule mkono juu ya mto, umefungwa bendeji. Aliuangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto mgonjwa.

Nikaanza na yale maneno laini ya kuzunguka. Akanikata.

"Ndinda, wewe unafundisha watoto wa watu mambo ya mwili. Haya, nifundishe na mimi. Mtu anakufa nusu aje?"

Nimesomea ualimu. Nimesimama mbele ya wakaguzi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali gumu hivyo.

Nikamwambia mwili si kitu kimoja. Ni vitu vidogo vingi visivyohesabika, vinaitwa seli, havionekani kwa macho. Kila moja inakula, inapumua, inatoa taka zake. Kila moja inaishi kivyake, na kila moja inaweza kufa kivyake, hata mwenye mwili akiwa amekaa anaongea.

"Na hizi za mkono zimekufa."

"Ndiyo, Tata."

"Zote?"

"Karibu zote."

"Lakini hata kabla ya nyoka, zilikuwa hazikufi?"

Nikastaajabu kwamba ameliuliza hilo. Nikamwambia zilikuwa zinakufa kila siku, ila kifo cha namna nyingine. Seli iliyozeeka, au iliyoharibika kidogo kwa jua au kwa moshi au kwa ugonjwa, mwili huwa na namna ya kuiambia muda wako umefika. Nayo inajikunja, inajigawa vipande vidogovidogo, na seli za jirani zinavila bila kelele. Hakuna uvimbe, hakuna usaha. Ngozi ya juu inapukutika hivyo, nyingine inaota. Damu ya leo si ile ya mwaka jana. Hata tumboni mwa mama, nikamwambia, mkono wa mtoto huanza kama kijiko, vidole vimeshikana. Seli zilizo katikati ya vidole zinakufa zenyewe, na ndipo vidole vinaachana. Zisipokufa mtoto anazaliwa na vidole vilivyoungana.

Tata akainua mkono wa kushoto, ule mzima. Akaachanisha vidole, akaviangalia.

"Kwa hivyo kuna kufa kwa kujenga."

"Kuko, Tata."

"Na huku kwa mkono huu ni kufa gani?"

Hapo ndipo nilipotamani kengele ya kumaliza saa ya wageni ilie.

Nikamweleza. Sumu ya kifutu ni kama mate ya kumeng'enyea chakula, kazi yake ni kuyeyusha nyama. Inatoboa utando, ile ngozi nyembamba ya seli. Utando ukitoboka, maji na chumvi vinaingia bila mpangilio, seli inavimba, inapasuka, na vitu vyote vilivyokuwa ndani vinamwagika nje. Vingine ni vikali. Vinaunguza seli za jirani, nazo zinavimba, nazo zinapasuka. Mishipa midogo ya damu inavuja. Hicho si kifo cha kuambiwa muda wako umefika. Hicho ni kifo cha kushambuliwa, na kinaambukiza ujirani mzima.

"Basi ni nyoka," akasema Mutiso kutoka miguuni. Ndilo neno la kwanza alilosema tangu tuingie.

Tata hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Ni nyoka," akaniuliza, "ama ni blada?"

Wodi ilikuwa na kelele zake za kawaida, vijiko, watoto, redio ya mtu. Nilisikia kila kitu. Nilimwona Mutiso amekaza vidole kwenye chuma kile. Miaka mitano amemfulia Tata nguo, amempikia uji, ameacha kazi aliyokuwa amepata mjini Mlolongo ili mzee asikae peke yake. Uongo ulikuwa mdogo sana, mwepesi, ungetosha kwenye neno moja. Na ninakiri hapa kwamba niliufungulia mdomo.

Lakini Tata alikuwa anaombwa atoe mkono wake. Nikaona kwamba mtu anayeombwa kitu kikubwa hivyo hawezi kupewa sababu ya uongo.

"Ni vyote viwili, Tata," nikasema. "Sumu ilianza. Blada ikazuia damu. Seli bila damu hazipati hewa. Bila hewa haziwezi kutengeneza nguvu, na bila nguvu haziwezi kusukuma nje maji na chumvi. Zinavimba na kupasuka zenyewe, hata kama hakuna sumu. Zikikosa damu kidogo zinavumilia, ukizirudishia zinapona. Zikikosa muda mrefu, zinafika mahali ambapo hata ukirudisha damu ni bure. Hizi zilifika hapo njiani."

Mutiso aliachilia chuma, akageuka, akatoka. Hakupiga kelele, hakufunga mlango kwa nguvu. Alitoka tu kama mtu aliyeitwa nje.

Tata aliuangalia mlango ule. Kisha akasema, "Mwambie daktari akate. Na mkono wangu usichomwe. Urudi nyumbani."

Nilimtafuta Mutiso hadi langoni. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikarudi kwangu, nikala mkate bila chai kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuwasha stovu.

Ukweli haukunipunguzia kitu. Watu husema ukisema ukweli unalala. Si kweli.

Jana asubuhi walimwingiza theata, chumba cha upasuaji. Nilikaa kwenye korido nikiwaza mambo ya kipumbavu, kwamba mkono ule umejua uzito wa mawe kuliko mkono wowote ninaoujua, kwamba ulinishika nyuma ya baiskeli nikijifunza kuendesha, kwamba umewahi kunichapa na nilistahili. Daktari alipotoka alisema kazi imekwenda vizuri, wamekata juu kidogo ya kifundo cha mkono, nyama waliyoiacha inatoa damu safi. Alilisema hilo kwa furaha. Nyama inayotoa damu ni nyama iliyo hai.

Halafu sista akaja na kile tulichokiomba. Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha kijani, juu yake nailoni, kimewekwa ndani ya boksi la karatasi lililokuwa la dawa. Akauliza, "Ni nani wa familia anachukua?"

Nilisimama, lakini mikono yangu haikuinuka. Najua kilichomo ni seli zilizokufa, nimefundisha hivyo wiki nzima. Mikono haikuinuka.

Nyuma yangu mtu akasema, "Lete."

Alikuwa Mutiso. Nguo zilezile za jana yake, zimekunjamana. Alikuwa amelala kwenye benchi za wagonjwa wa nje, nilikuja kuambiwa baadaye na askari wa lango. Alilipokea lile boksi kwa mikono miwili, akalishika kifuani, akaondoka akishuka ngazi. Hakuniangalia. Mimi nilishukuru, na niliona aibu kwa kushukuru.

Leo nilikuwa wodini mapema. Tata ameamka, uso umekauka, macho yako wazi. Nilimletea ugali na kuku wa kuchemsha ndani ya bakuli. Nilipomkatia tonge akageuza uso. Sista akajaribu uji, akageuza uso. "Sisikii njaa," akasema. Kula kwetu ni kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia haupo. Elimu yangu yote iliishia Ijumaa.

Mutiso aliingia saa ya wageni ikikaribia kwisha, ana matope hadi magotini. Mvua ilikuwa imemnyeshea. Akasimama palepale miguuni pa kitanda, macho chini.

"Tata," akasema, "mimi ndiye niliharibu."

Tata akamgeukia.

"Wewe ulifunga ndio nisikufe?"

"Ndiyo, Tata."

"Na nimekufa?"

Mutiso akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyapangusa.

"Basi unataka nini ingine? Ule mkono umeuzika wapi?"

"Kando ya Mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama, na yeye alitutoka miaka mingi iliyopita.

"Upande gani?"

"Upande wa kulia. Nilichimba sana, mbwa wasifike."

Tata akafumba macho. Nilidhani analia. Kumbe ni kile kicheko chake kisicho na sauti, kinachotikisa mabega tu.

"Huyo mama yenu," akasema, "atashangaa sana. Amengoja mzee mzima miaka hiyo yote, na ameletewa mkono."

Mimi ndiye niliyecheka kwanza, kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kuangalia. Kisha Mutiso. Alicheka huku analia, kamasi zinamtoka kama mtoto, na Tata akamwambia aende anawe aje amlishe, ugali unapoa. Akaenda, akanawa, akaja akaketi mahali nilipokuwa nimeketi mimi. Akafinyanga tonge. Lilikuwa dogo.

"Fanya kubwa," Tata akamwambia. "Mimi si kifaranga."

Akala yote. Na shingo ya kuku akaitafuna hadi mfupa.

Niliwaacha hapo nikaja huku, nikiwa na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Nimekaa mbele ya kompyuta hii muda mrefu bila kuandika. Nilitaka kueleza kwa nini seli hufa, kwa sababu hilo ndilo nililoulizwa na ndilo ninalolijua. Hufa kwa sumu, kwa kukosa hewa, kwa kuzeeka, kwa kuambiwa. Lakini sijui kitu gani kinawafanya watu wawili walioharibiwa na jambo moja waanze kupona kwa tonge la ugali. Hilo halimo kwenye silabasi.

Daktari amesema kidonda kikikauka Tata ataanza kujifunza kushika kijiko na jembe kwa mkono wa kushoto. Ana miaka sabini na ushee, na ni mbishi. Itachukua muda, na mimi na Mutiso tutachoka tena, tena sana.

Lakini hiyo ni kazi ya kesho. Usiku wa leo nina kazi moja tu, kulala, na kwa mara ya kwanza wiki hii nadhani nitaiweza.